Mafuta ya bangi kwa mgonjwa wa Parkinson: yaliyomkuta mzee wangu

Mkuu, umeuliza mambo mawili: je, mafuta ya bangi yatamtuliza mama yako anayetetemeka kwa Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo, na je, hapa Dar yanapatikana? La pili nalimaliza haraka. Bangi ni kosa kwa sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, na usitegemee daktari wa hapa akuandikie cheti chake. Wanaokufuata inboksi na picha za vichupa wanakuuzia kitu ambacho hata wao hawajui ndani kina nini. Achana nao.

La kwanza nimelipitia.

Mzee wangu ni keshia mstaafu. Ugonjwa ulipoanza, kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vilikuwa vinasuguana muda wote, hata akiwa amekaa kimya anasikiliza redio, kama mtu anayehesabu noti. Tulicheka, tukasema kazi haijamtoka. Tukazungushwa karibu miaka miwili: mara uzee, mara kiharusi kidogo, na shangazi alishamjua hadi jirani aliyemroga. Jina la Parkinson tulilisikia mwaka 2017, tulipofika kwa daktari wa mishipa ya fahamu.

Kisha nikaiona klipu ambayo bila shaka na wewe umeiona: mzee wa Kimarekani anatetemeka mwili mzima, anadondoshewa matone chini ya ulimi, dakika chache baadaye mkono umetulia tuli. Niliirudia usiku kucha. Binamu yangu akirudi kutoka Johannesburg akaleta kichupa kakifungia ndani ya soksi. Sijisifii, tungeweza kuozea jela.

Usiku wa kwanza baba alilala fofofo, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwake. Asubuhi chai ikamwagika kwenye kisahani vilevile. Tukaongeza matone. Wiki ya pili, saa nane usiku, aliamka kwenda chooni, kizunguzungu kikamkamata mlangoni, akaanguka na kupasuka juu ya jicho. Nyuzi 4. Daktari alipojua tulichokuwa tunampa hakugomba, alisema tu, "Mmempakia mshikaki." Akatufafanulia: Parkinson yenyewe hushusha presha mtu anaposimama, levodopa, yaani vile vidonge vyake vya Parkinson, navyo hushusha, na THC, kile kiini cha bangi kinacholevya, inaweza kuongezea hapohapo. Abiria watatu kwenye bodaboda moja.

Baada ya hapo ndipo nikasoma, kinyume na utaratibu. Mwaka 2004 Waingereza walichapisha majaribio kwa wagonjwa 19 wa Parkinson, kuona kama dondoo ya bangi itapunguza ile miondoko ya kujinyonganyonga inayoletwa na levodopa. Haikuonyesha nafuu kuliko vidonge bandia. Mwaka 2014 Wabrazili waliwapa CBD, kiini cha bangi kisicholevya, wagonjwa katika kikundi cha watu 21. Waliopata dozi kubwa walisema wanajisikia vizuri zaidi kimaisha, lakini vipimo vya kutetemeka na kukakamaa havikubadilika. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee wangu: usingizi ndiyo, mkono hapana. Ile dawa ya CBD iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 ilikuwa ya aina kali za kifafa kinachoanza utotoni. Watu wanasikia "ubongo" basi wanaunganisha.

Na klipu je? Sisemi yule mzee anadanganya. Mtetemo wa Parkinson hupanda mtu akiwa na wasiwasi na hushuka akitulia, na matumaini peke yake yanaweza kumwongezea mgonjwa dopamini, ile kemikali ya ubongo inayopungua kwa Parkinson, hilo limepimwa. Ila klipu moja haikuonyeshi siku ya kumi na nne saa nane usiku.

Kilichombadilisha baba ni swali ambalo kabla ya pale hakuna aliyewahi kutuuliza: vidonge anavimeza saa ngapi, na anakula nini? Alikuwa anavimeza na maziwa, au katikati ya ubwabwa maharage. Kumbe protini na levodopa hugombea mlango mmoja kutoka utumbo hadi ubongo, na protini ikiwa nyingi dawa inabaki foleni. Sasa kidonge cha kwanza ni saa 12 asubuhi kwa maji matupu, chai nusu saa baadaye. Nyama na maharage tumevihamishia usiku. Simu yangu inalia mara nne kwa siku, hata nikiwa kwenye daladala nampigia. Baada ya wiki tatu hivi alifunga vifungo vya shati mwenyewe, polepole, ulimi nje kama mwanafunzi wa chekechea. Mtetemo bado upo, lakini shati lilifungwa.

Jambo jingine: mama akitapika, ukampeleka zahanati, waambie mapema ana Parkinson. Ile sindano ya kuzuia kutapika, metoklopramidi, huziba dopamini. Baba alichomwa mara moja, akakakamaa siku mbili. Na usimkatishe vidonge ghafla eti unajaribu mitishamba. Inashangaza kwamba mmea wenye levodopa ya kweli unaota porini kwetu, nao ni upupu, huuhuu unaowasha. Mbegu zake zimefanyiwa utafiti. Lakini huwezi kujua mbegu moja ina kiasi gani, kwa hiyo usianze kuchemsha.

Kama miguu yake huganda mlangoni, bandika vipande vya utepe mweupe sakafuni, kimoja kila hatua. Baba anavivuka kama anaruka mtaro, na anapita.

Sasa tuambie: mama anakunywa vidonge gani, saa ngapi, na anavimeza na nini? Andika hapahapa, si inboksi, humu wapo wengine wanaouguza.