Uliza imezama kiasi gani

Baba alipokatwa kipande cha utumbo mpana kwa sababu ya saratani, swali langu kwa daktari lilikuwa moja: uvimbe una ukubwa gani? Akasema sentimita nne. Nikazipima kwa vidole, moyo ukanienda mbio. Kumbe kwa saratani hii kinachotangulia ni kina.

Ukuta wa utumbo una matabaka. La ndani ni utando laini unaogusana na kinyesi, chini yake lipo lenye vimishipa vingi vya damu na vya limfu (majimaji ya mwili yanayochujwa na tezi), kisha misuli, halafu ngozi ya nje. Saratani nyingi huanza kama kinyama kidogo kwenye ule utando, na mara nyingi hupita miaka 10 au zaidi kabla hakijageuka saratani. Kikikutwa mapema, hukatwa kwa kamera ileile ya kuchungulia utumbo iliyokiona.

Seli za kawaida zimegandana na jirani zake. Za saratani hulegeza mshiko huo, zikatoa vimeng'enya vya kuyeyusha nyuzi zilizo mbele yake na kupenya. Zikiingia kwenye limfu hunaswa na tezi za karibu. Zikiingia kwenye damu, nyingi hufia humo. Zinazopona mara nyingi hutua kwenye ini, kwa kuwa damu itokayo utumbo mpana hupitia huko kwanza.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo lililonikera. Daktari wa upasuaji alisema ametoa uvimbe wote, halafu akaandika kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani. Ya nini tena? Ripoti ya maabara ilikuwa na jibu: tezi 14 zimechunguzwa, 2 zina saratani. Huenda seli nyingine zilishatangulia mbali, na hizo kisu hakizifikii.

Kwa hiyo omba nakala ya ripoti hiyo. Angalia imefika tabaka gani, kingo za kipande ni safi (hazina saratani) au la, seli zimeonekana ndani ya mishipa au la, na tezi ngapi zilichunguzwa. Zikiwa chini ya 12, uliza kwa nini.

Damu chooni tuliiita bawasiri miezi saba. Hilo bado linaniuma.

Sisi watoto tuliambiwa tupimwe tukifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougulia baba, lolote litakalotangulia. Mimi nilikutwa na kinyama cha milimita sita. Walikikata nikiwa usingizini.