Silika ya mchanga na silika ya saruji

SWALI: Fundi wetu hapa Kasarani anasema mchanga na saruji vyote vina silika. Mbona mchanga ukitiwa maji haushiki?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Fundi wako amesema kweli, tofauti ni jinsi silika, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni, ilivyofungwa. Katika kwatzi, madini ya mchanga, kila oksijeni imeshikwa na silikoni mbili, pande zote, na maji hayapati pa kuingilia. Kiwandani, mawe ya chokaa na udongo huchomwa pamoja hadi nyuzi 1450 hivi za Selsiasi, ikazaliwa alaiti, silikati yenye kalsiamu nyingi. Hiyo hukutana na maji na kuanza kugeuka siku hiyo hiyo.

Klinka, yaani vinundu vinavyotoka tanurini kabla ya kusagwa kuwa saruji, ikipoa polepole chini ya nyuzi 1250, alaiti huvunjika, kwa hiyo hupozwa haraka kwa hewa. Miamba ya asili hupoa taratibu mno, ndiyo sababu madini haya ni adimu sana. Yamepatikana Hatrurim, karibu na Bahari ya Chumvi. Belaiti, silikati nyingine ya klinka inayoshika polepole zaidi, ina pacha wa asili karibu na Larne, Ayalandi ya Kaskazini.

Kwa mfuko wa kilo 50, maji yasizidi lita 25, pamoja na yale yaliyomo kwenye mchanga mbichi. Yakizidi, hubaki vitundu na zege hudhoofika. Mwagilia siku 7. Saruji yenye pozolana ipe 14, kwa kuwa majivu yake ya volkano husubiri chokaa inayotolewa na alaiti.