Kuongoza sekondari ya ufundi yenye wanafunzi wa kila aina: tazama kwanza nani ameshika zana

Hongera kwa uteuzi, Mwalimu. Umeuliza uanzie wapi baada ya kukabidhiwa sekondari ya ufundi ambayo wanafunzi wake wanatofautiana dini, lugha za nyumbani, hali za wazazi na hata umri, baadhi wana ulemavu, na mafundi wakongwe wa karakana wanakutazama kwa jicho la pembeni kwa kuwa umetoka shule ya masomo ya kawaida. Nimeongoza shule ya namna hiyo kwa miaka mingi, nakujibu kwa niliyoyaona.

Wengi watakushauri uanze na hotuba ya umoja paredini. Itoe, haina ubaya. Ila wiki yako ya kwanza ingia karakana wakati wa kipindi, simama kando, usiseme neno, tazama nani ameshika zana.

Utakuta kundi la watano limepewa zoezi la kuchomelea vyuma viwili. Mmoja ameng'ang'ania koleo la kuchomelea tangu kipindi kianze. Wa pili anamshikia chuma. Wa tatu ametumwa stoo. Wa nne, mara nyingi msichana, anaandika ripoti ya kundi kwa sababu "ana mwandiko mzuri". Wa tano ni yule aliyehamia karibuni, lugha ya kufundishia bado inampa shida, na mkononi ana ufagio. Hakuna aliyetukanwa wala atakayekuja ofisini kulalamika. Muhula ukiisha wote watano wanapata alama moja ya kundi, ilhali aliyejifunza kuchomelea ni mmoja. Ubaguzi wa shule ya ufundi unajificha hapo, na usipoutafuta hapo hutauona kwenye matokeo mpaka wanafunzi wafike kazini.

Kwetu tulifuta alama ya kundi katika kazi za mikono. Kila mwanafunzi anatoa kipande chake, kinagongwa namba yake, na kuna daftari la zamu linaloonyesha nani alitumia mashine ipi na kwa muda gani. Nilikuwa nalipitia mwenyewe. Walimu wakanijia na hoja ya haki kabisa: malighafi hazitoshi kila mtu. Ni kweli, na hiyo ndiyo kazi ya mkuu wa shule. Fimbo za kuchomelea zikibaki chache, anayekosa zamu ni mnyonge, kila mara. Kwa hiyo bajeti yangu ilianza na malighafi ndipo yakafuata mengine. Pia kuna njia za kubana matumizi bila kumnyima mtu zamu. Ubao uliokatwa kiungo unapunguzwa ncha na kukatwa kiungo kingine. Nyaya za zoezi la umeme zinafunguliwa ubaoni na kufungwa upya na kundi linalofuata. Vyuma chakavu vinafaa sana kwa mazoezi ya mwanzo.

Jambo la pili ni ugawaji wa fani. Shule nyingi hugawa kwa alama za mtihani wa kuingilia: wenye alama za juu umeme na magari, waliobaki uashi na mabomba, wasichana ushonaji na mapishi. Ukigawa hivyo umeshawaambia wanafunzi nani ni bora kabla hawajagusa chochote, na walimu wa fani za "waliobaki" nao wanakata tamaa. Panga muhula wa kwanza uwe wa mzunguko, kila mwanafunzi apite karakana zote kwa wiki kadhaa, ndipo achague, na mzazi aitwe aone alichotengeneza mwanawe. Mzazi aliyekuwa akipinga bintiye kuwa fundi umeme hubadilika akiwasha taa ambayo binti mwenyewe ameifunga, kuliko akihubiriwa. Na usimpeleke msichana mmoja peke yake kwenye darasa la wavulana ukasema umeleta usawa. Wapeleke kadhaa pamoja. Hakikisha pia wana chumba cha kubadilishia ovaroli karibu na karakana. Nimeona wasichana wakihama fani nzuri kwa sababu tu chumba hicho kilikuwa upande wa pili wa shule na kila kipindi walichelewa.

Mavazi na dini: hapa wakuu wengi huogopa, na hakuna haja. Mtandio unaoning'inia mbele ya mashine ya kukereza ni hatari, na vilevile tai, mkufu, nywele ndefu zilizoachwa na glovu. Sehemu inayozunguka ikinasa kitambaa huvuta mkono mzima. Kanuni iandikwe kwa hatari, isiandikwe kwa dini: hakuna kinachoning'inia mbele ya mashine inayozunguka, kwa mtu yeyote. Halafu tafuta ufumbuzi, kwa mfano kifuniko cha kichwa cha pamba kinachobana na kuchomekwa ndani ya ovaroli. Sisitiza pamba, kwa sababu vitambaa vya nailoni cheche ikivipata huyeyuka na kugandia ngozi. Nilikaa na wazazi na viongozi wao wa dini, nikawaonyesha mashine ikizunguka, tukaelewana siku hiyo hiyo. Mitihani ya vitendo nayo usiipange Ijumaa mchana wala Jumamosi kabla ya kujua nani itamgusa.

Lugha ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la ufaulu. Mwanga wa kuchomelea huunguza macho bila mtu kuhisi pale pale. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, macho yakiwasha kana kwamba yametiwa mchanga. Mwanafunzi ambaye hakuelewa onyo la asubuhi hatajua kwamba amekosea mpaka amelala. Kwa hiyo nilikataza swali la "mmeelewa?". Mwalimu amwambie mwanafunzi aonyeshe: zima mashine, vaa kinga, niambie kwa lugha yoyote nini kitatokea usipovaa. Asiyeweza kuonyesha hagusi swichi. Kwa kiziwi, king'ora kiwe na taa inayomulika. Kwenye fani ya umeme pimeni mapema nani hatofautishi rangi, hasa nyekundu na kijani. Hali hiyo huwapata zaidi wavulana, na wengi hawajijui. Huna sababu ya kumfukuza. Anafundishwa kuthibitisha waya kwa kifaa cha kupimia na kwa lebo.

Mafunzo kazini yanakutaka uwe mkali. Kuna waajiri wanaochukua wanafunzi kama vibarua wa bure, na wasio na mtu wa kuwasemea ndio hupewa kazi chafu zaidi. Mkataba wa 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka miaka 18 kuwa umri wa chini kwa kazi za hatari. Kuanzia miaka 16 nchi inaweza kuruhusu, ila kwa sharti la ulinzi kamili na mafunzo mahususi. Mkataba wa 182 wa mwaka 1999, unaopinga aina mbaya kabisa za kazi za watoto, umeridhiwa na nchi zote wanachama wa shirika hilo tangu 2020. Basi una pa kusimamia. Mtembelee mwanafunzi bila taarifa, uliza amefanya kazi gani juma lile, linganisha na mtaala. Eneo moja la kazi nililiondoa kwenye orodha yetu kwa sababu wanafunzi walikuwa wakifagia tu, ingawa lilikuwa limetusaidia vifaa.

Sasa wale mafundi wakongwe. Usiwaite ofisini. Wafuate waliko, waulize mashine ipi imekufa na inahitaji nini, kisha hicho kinunuliwe kabla ya kikao chako cha kwanza cha walimu. Kwenye kikao, wasikae nyuma. Shule nyingi zina uzio usioonekana kati ya wenye shahada na wenye ujuzi wa mikono, na wanafunzi wanauona wazi. Sisi tuliweka kipindi cha pamoja: mwalimu wa hisabati na fundi uashi wanafundisha pembe mraba uwanjani kwa kamba inayofanya pembetatu yenye pande za vipimo 3, 4 na 5. Fundi anaonyesha namna ya kuinyoosha, mwalimu anaeleza kwa nini inatoka sawa kila mara. Wale wawili walikuwa hawasalimiani. Kufikia mwisho wa mwaka walikuwa wakitunga mtihani pamoja.

Weka hapa ratiba yenu ya sasa, idadi ya mikondo na karakana mlizonazo, tuone wapi mzunguko wa muhula wa kwanza unaweza kuingia bila kula vipindi vya masomo ya kawaida.