Toa maoni kitabu kikiwa bado mkononi

Mtu akikuuliza unasoma nini siku hizi, usimwambie "nikimaliza nitakusimulia." Msimulie hapo hapo. Mwambie umefika ukurasa gani, nani unampenda, nani anakukera, na unahisi mambo yataelekea wapi. Hapa Moshi nimesoma na wenzangu kwa miaka kadhaa sasa, na mazungumzo yaliyonijenga zaidi ni ya watu waliokuwa katikati ya kitabu. Aliyemaliza huja na hukumu. Aliye katikati bado ana wasiwasi na hasira, bado anabahatisha, na ukimsikiliza unatamani kwenda kukitafuta kitabu hicho jioni ile ile.

Ninajua kinachotuzuia. Shuleni tulizoea kuzungumzia kitabu kwa fani na maudhui: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa ya mwandishi. Uchambuzi huo nauheshimu, umenifundisha kuona jinsi hadithi inavyojengwa. Ila unataka kitabu kizima, na umewaachia watu wengi hofu kwamba maoni yao yatasahihishwa. Katika kikundi chetu kuna mama anayeuza vitenge Mbuyuni, msomaji hodari kabisa, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akija, anasikiliza, anaondoka. Alisema hajui kuchambua. Tulipokuwa tunasoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, nilimuuliza swali moja tu: "Mama, huyu Zakaria unamwonaje?" Alianza na ukali wa Zakaria kwa bintiye, akaenda kwa baba mmoja aliyemfahamu utotoni, akarudi kwa mabinti zake mwenyewe na simu zao. Hakutaja neno dhamira, lakini sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kunieleza dhamira ya malezi vizuri kuliko yeye siku ile.

Kwa hiyo ukitaka mwenzako aseme, muulize kuhusu mtu aliyemo kitabuni. "Kitabu kinahusu nini?" ni swali la mtihani. "Ungekuwa wewe ungemruhusu aende?" ni swali la nyumbani, na kila mtu ana jibu lake.

Sababu nyingine ya kusema mapema ni kwamba baadaye unasahau ulivyojisikia mwanzo, na mwandishi alikusudia ujisikie vile. Nilianza Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, nikiwa ndani ya Coaster ya kwenda Arusha. Kabla ya Boma Ng'ombe nilishamwandikia dada yangu kwamba Aziz, yule mfanyabiashara tajiri, ni mtu mwema: kila akija kuitembelea familia anamwachia mtoto Yusuf sarafu. Yusuf ana miaka 12 na anaamini huyo ni ndugu yao. Tulipokaribia Usa River nilikuwa nimefika pale Khalil, kijana wa dukani, anapomfungua macho Yusuf: Aziz si ndugu yake hata kidogo, na yeye amechukuliwa kwa sababu ya deni la baba yake. (Hili linajulikana mapema sana, hivyo sijakuharibia kitu.) Nilimwandikia tena dada, safari hii kwa hasira. Leo nikisoma zile jumbe mbili naona kazi aliyoifanya Gurnah. Alihakikisha kwanza nimempenda Aziz. Ningengoja nimalize, ningesema tu kwamba riwaya inahusu watoto wanaowekwa rehani, na sehemu inayouma ingekuwa imepotea.

Dada yangu alikuwa ameshakimaliza kitabu hicho. Kwenye ujumbe wangu wa kwanza alijibu, "Haya, endelea," basi. Huo ndio ustaarabu ninaotaka kila aliyetangulia awe nao. Ukiwa mbele ya mwenzako, usimsahihishe, usigune, wala usimwambie "subiri utaona," kwa sababu hayo nayo ni kumwambia.

Katika kikundi chetu utaratibu uliotufaa ni huu: mwenye kurasa chache ndiye anayeanza kusema, na aliyemaliza anakuwa wa mwisho. Tuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye karibu kila kitabu cha Kiswahili tunachokishika yeye alishakisoma zamani. Zamani vijana walikuwa wakimpa shikamoo, kisha wanakaa kungoja aseme ili wakubaliane naye. Nani atambishia mzee? Siku hizi wao ndio wanaofungua mazungumzo, na Mwalimu mwenyewe anasema sasa anasikia vitu ambavyo hakuviona. Kama uko mbele ya mkubwa na huafikiani naye, anzia ulipo: "Mwalimu, mimi bado niko nyuma yako, ila hapa nilipofika namwona tofauti." Heshima imebaki na maoni yametoka.

Na kuchoshwa nako ni maoni, mradi useme ni wapi. Kijana mmoja alisema Kusadikika ya Shaaban Robert inajirudia: mjumbe anatumwa, anarudi na mawazo mema, anafungwa, halafu anakuja mwingine. Wajumbe wako sita. Alisema alipofika kwa wa tatu alitaka kukiweka chini. Mimi nakipenda sana kitabu kile, na nilimjibu kwamba ule uchovu ndio hoja ya Karama, mshtakiwa anayewasimulia wajumbe hao akijitetea mbele ya baraza: nchi inayofunga kila anayeileta habari njema itarudia kufunga mpaka mtu aisimamishe. Hakukubali yote, lakini aliendelea kusoma kwa jicho jingine. Angesema tu "kitabu kinaboa," tusingekuwa na cha kuzungumza.

Ukiazima maktaba, usiandike pembeni mwa ukurasa. Weka kikaratasi, andika namba ya ukurasa na neno moja: hasira, sielewi, mwongo huyu. Hicho kinatosha kukukumbusha.

Mimi kwa sasa ninarudia Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Niko pale Yasmin ameshamwacha Raza, mume aliyemzidi umri mno, na anaishi kwa rafiki yake Mwajuma. Naona Mwajuma ndiye mwenye ujasiri kuliko wote mpaka hapa, hata kuliko Denge na siasa zake, kwa sababu amefungua mlango ambao ndugu wa damu waliufunga. Mama wa vitenge anapinga. Anasema Mwajuma anamharakisha mno huyu binti, na kwamba mimi sijalea. Jumamosi yeye ndiye ataanza, maana nimemtangulia kurasa kadhaa.