Samaki kangaja hali chakula siku ya tano: hiyo chupa ya dawa ya shaba usiifungue

Weka hiyo chupa chini. Kabla ya salamu, kabla ya pole, weka chini, kaza kifuniko, mpe mtu wa nyumbani akaifiche. Nitakusalimia nikimaliza.

Unasema tangi lako la samaki wa baharini ni la lita 250, lina wiki tatu, ndani kuna kangaja wa buluu, wale wawili wadogo wa chungwa wenye mikanda myeupe, kamba msafishaji na mawe hai (mawe ya matumbawe yenye viumbe ndani) yaliyokuja na lori kutoka Dar. Kangaja siku ya tano hali, wale wawili wanaweka chakula mdomoni na kutema. Aliyekuuzia amesema ni vijidudu, na kesho asubuhi umwage tangini dawa yake ya buluu. Umeuliza pia chakula gani ununue, taa uziwashe saa ngapi, na kama unaweza kuongeza anemoni, yule mnyama wa baharini anayefanana na ua. Nimesoma yote, mdogo wangu, ila macho yangu yalikwama kwenye "dawa ya buluu" na mpaka sasa hayajatoka hapo.

Mimi niliimwaga tangini. Hapahapa Lubumbashi.

Mke wangu alikuwa na nganda, baa ya chakula, kule mtaa wa Bel-Air: kuku, kapenta, bukari (ugali wetu), bia baridi. Nikasema tuweke kitu ambacho jirani hana. Tangi la lita 300, karibu na kaunta, maji ya chumvi, samaki wa Bahari ya Hindi. Watu walilipenda, sitasema uongo. Mteja mmoja alinyoosha kidole kwa kangaja akauliza yule wa buluu ni bei gani pamoja na bukari. Tulicheka. Baadaye nilitamani ningemuuzia, angalau angeingiza kitu.

Ulikuwa mwezi wa 6, baridi yetu ile unayoijua. Kangaja akaacha kula. Nilimtundikia karatasi ya mwani, akaizunguka kama mtu anayemkwepa mdai wake sokoni. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikampigia aliyeniuzia. Simtaji jina, ana watoto. Hakuniuliza maji yakoje. Hakuniuliza tangi lina muda gani, wala usiku umeme ukikatika joto linashuka mpaka ngapi, wala nani anawalisha. Alisema "tuma video." Nikatuma sekunde nane. Jibu lilikuja kwa sauti, na yeye mwenyewe anatafuna kitu: "Hao ni vijidudu, baba, nina dawa." Mtu mwenye mdomo umejaa anamtibu samaki asiyekula, na mimi nikaona huyo ndiye daktari!

Nikachungulia kwenye kioo, na kweli nikaona kidoti cheupe kwenye pezi. Ukishaambiwa ugonjwa, utauona tu. Kesho yake kidoti hakikuwepo, kwa sababu kilikuwa chembe ya mchanga. Lakini kufikia kesho yake nilikuwa nimeshamwaga.

Sasa sikiliza hapa maana ndipo pesa ilipozama. Ile dawa ya buluu ni shaba. Shaba, bwana! Sisi tunaokaa juu ya shaba, wazee wetu waliofanya biashara kwa misalaba ya shaba, malori yanapita mpaka wa Kasumbalesa usiku na mchana yamebeba shaba kuwapelekea watu wa ng'ambo, na mimi nikatoa dola 25 kununua shaba ya kichupa kinachoenea kiganjani, imeletwa kutoka huko huko ng'ambo. Shemeji yangu anayefanya kazi mgodini aliposikia alikaa chini kwanza.

Na si kwamba shaba si dawa. Ni dawa kweli. Inaua vijidudu vya madoa meupe vya baharini, na vile vingine vinavyomfanya samaki aonekane amepakwa vumbi la dhahabu. Lakini kipimo chake ni chembamba kama uzi: shaba ya kawaida inashikiliwa kwenye miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, unaipima kila siku kwa kipimo chake maalumu. Chini ya hapo haifanyi kazi, juu ya hapo inamchoma samaki mwenyewe. Na hata ukiwa ndani ya kipimo, konokono, kamba, matumbawe, anemoni, wote hao hawavumilii shaba. Yule mtafunaji alijua nina kamba, yeye ndiye aliyeniuzia.

Nilimwaga jioni. Saa kumi na mbili asubuhi nikafungua nganda, umeme hakuna, nikamulika kwa tochi ya simu. Konokono walikuwa wameanguka kutoka kwenye kioo, wamelala chali, nyama inaning'inia nje ya gamba. Matumbawe mawili niliyokuwa nayo yamejifunga kama ngumi. Na kamba msafishaji, yule anayepunga ndevu zake nyeupe kuwaita samaki waje awasafishe, alikuwa amelala ubavu pembeni ya jiwe. Umeme uliporudi pampu ikaanza kusukuma maji, zile ndevu zikaanza kupunga tena. Kwa sekunde moja nikadhani mzima, bado anaita wateja.

Kangaja? Hakula, bila shaka. Shaba yenyewe inakata hamu ya kula. Yaani nilimchukua mgonjwa asiyekula nikampa dawa ya kumzuia kula.

Nikampigia tena yule bwana. Akasema, nakumbuka neno kwa neno: "Ugonjwa unapigana, ongeza nusu." Nikaongeza nusu. Usinicheke, nilikuwa sijalala.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia, na wewe nakuambia bure. Mawe hai na mchanga wa matumbawe ni chokaa, na chokaa inanyonya shaba. Kwa hiyo ndani ya tangi lenye mawe hujui kamwe una shaba kiasi gani: leo imeingia kwenye jiwe, kesho unaongeza, siku nyingine jiwe linaanza kuirudisha majini kidogo kidogo. Na ndani ya yale mawe kuna minyoo, vikamba vidogo, sponji, viumbe ambavyo huvioni. Vyote vikafa kwa mpigo na kuanza kuoza. Vikioza vinatoa amonia, sumu usiyoiona majini. Siku ya tatu nganda ilinuka, na mke wangu aliwaambia wateja ni mtaro wa jirani. Jirani alisikia. Hiyo ni hadithi nyingine.

Kipimo cha amonia kilifika siku ya sita, kimeletwa na dereva mmoja wa lori, mteja wetu. Unajaza mrija wa kioo maji ya tangi, unatia matone, unatikisa, unasubiri dakika tano. Maji yakibaki njano, hakuna amonia. Yakielekea kijani, ipo. Wangu haukusubiri dakika tano. Uligeuka rangi ya sombe, majani ya muhogo. Sombe ile iliyopikwa ikaiva, ya kuwekea mafuta ya mawese. Nikakaa kwenye kreti ya bia nikiushika mkononi kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali.

Nikaamua kuyatoa mawe. Nyuma ya jiwe kubwa kabisa, mahali pampu haifiki, nikakuta rundo la kujaa kiganja: matonge ya bukari, vichwa vya kapenta, na kipande cha kitu ambacho sikukijua na sikutaka kukijua. Kijana wetu wa kaunta alikiri kwamba wateja walikuwa wanawaonea samaki huruma, "kwa sababu hawali." Jamani! Samaki hali kwa sababu maji yameharibika, watu wanamtupia chakula kwa huruma, chakula kinaoza, maji yanaharibika zaidi, samaki anazidi kukataa.

Je, nina hakika amonia ndiyo iliyoanza? Sina, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sikupima kabla ya kumwaga. Ningekuwa na ule mrija siku ya kwanza, ningejua kwa dakika tano. Sasa nina kisa kizuri tu na tangi tupu. Kangaja alikufa siku ya tisa. Mmoja wa samaki wangu wawili wadogo wa chungwa alimfuata. Mwenzake alipona, tunamwita Mjane. Baada ya miezi minne na kubadilisha maji nisiyoweza kuyahesabu, nilinunua kamba mpya, nikamweka asubuhi, jioni alikuwa chali. Mawe yalikuwa bado yanatema shaba. Kilo 20 za mawe hai, nilizozilipia usafiri na ushuru, sasa zimezunguka maua ya mama mkwe Katuba. Anazisifu sana. Kila tukienda kumsalimia ananionyesha.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitakuchosha nayo: mrija kwanza, chupa baadaye. Mrija haujabadilika rangi mbele ya macho yako, hakuna chupa inayofunguliwa. Hata kama muuzaji analia.

Wewe tangi lako lina wiki tatu! Bakteria wanaokula amonia wanahitaji kama wiki nne hadi sita kujijenga, na hapo ni mambo yakienda vizuri. Wewe umeshaweka samaki watatu, kangaja mmoja wao, samaki anayejulikana kwa kuugua akikasirishwa kidogo tu. Na maji ya bahari yana ubaya wake: pH yake (kipimo cha asidi ya maji) ni 8.1 hadi 8.4, na kadiri pH na joto vinavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka kuwa ile yenye sumu. Kiasi ambacho sato wa bwawani angekivumilia, huyu wako kinamchoma mashavu. Ukimwona anahema haraka, au anakaa juu karibu na pampu, si lazima iwe vijidudu. Ni mtu anayetafuta hewa kwenye chumba chenye moshi wa makaa.

Leo, usiku huu, usiwape chakula. Samaki wazima hawafi kwa kufunga siku mbili tatu. Mulika nyuma ya mawe, vuta kila kilichobaki kwa mpira. Changanya maji mapya, gramu kama 35 za chumvi ya akwariamu kwa lita (ya akwariamu, si ya jikoni, najua kuna mtu atakuambia ya jikoni), yaache yazunguke na pampu, yafikishe joto sawa na la tangi, ubadilishe theluthi moja. Maji ya bomba yatoe klorini kwanza. Ongeza hewa, maana maji ya chumvi yanabeba oksijeni kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi, na sisi tuko mita kama 1,200 juu ya bahari, hiyo nayo inapunguza.

Kisha pima. Amonia, nitriti (sumu inayotokana na amonia), pH, chumvi, joto. Joto lipime alfajiri, si saa nane mchana wakati jua linapiga ukuta. Langu, usiku mmoja umeme ulipokatika, lilishuka mpaka nyuzi 19, na samaki wa matumbawe anataka nyuzi 24 hadi 27. Chumvi nayo ipime: maji yakipungua kwa kukauka, chumvi haiondoki, kwa hiyo unajazia maji yasiyo na chumvi. Mimi nilikuwa najazia ya chumvi. Ndiyo, na hilo pia nililifanya, ila lile halikuniua.

Maji yakiwa safi kabisa, amonia sifuri, na bado hali, hapo ndipo tuzungumzie ugonjwa. Angalia kinyesi, kama ni cheupe na kinaburuta kama uzi basi tumbo lina wageni. Angalia kama mmoja anamfukuza mwenzake. Na ukiona madoa kweli, madoa yasiyoondoka kesho yake, mtoe samaki umweke kwenye tangi la pembeni lisilo na kitu: hakuna jiwe, hakuna mchanga, vipande vya bomba la plastiki tu vya kujificha, hita na pampu ya hewa. Shaba iingie humo, na kipimo cha shaba mkononi. Kwenye tangi kubwa haiingii. Kamba wako atakushukuru kwa ndevu zake zote.

Yule anayekuuzia dawa, muulize swali moja: "Amonia yangu ni ngapi?" Akikujibu bei, kata simu.

Uliuliza na mambo mengine, kuna taa, kuna... anemoni, ndiyo. Anemoni ndani ya tangi la wiki tatu? Hapana. La taa watakujibu wengine.

Sasa habari yako, mdogo wangu, poleni na baridi. Kama huna kipimo, niambie uko komini gani, mimi ninacho kilichobaki matone kidogo. Ukishapima tuma picha ya mrija, lakini ipige mchana, dirishani, na karatasi nyeupe nyuma yake. Usiipige chini ya balbu ya njano, chini ya balbu ya njano hata sombe yangu ingeonekana safi.