Mshale wa takometa ya Datsun 240Z unarukaruka, nianzie wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972, bado inatumia kontakti pointi (ncha za chuma zinazofunguka na kufunga ili kukata umeme wa kuwashia). Injini ikinguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta, mshale wa takometa (kipimo cha mizunguko ya injini) umetulia. Nikifika kama 3000 kwa dakika unaruka hadi 5000, unarudi, mara unaanguka sifuri na kupanda tena. Injini inasitasita kidogo tu, tena si kila mara. Fundi wangu wa umeme anasema takometa imekufa, niing'oe niweke ya kisasa. Nikubali? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Usikubali bado, ndugu yangu. Hiyo ni gari ya aina iliyompa Edgar Herrmann ushindi wa Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973. Kifaa chake cha asili hakitupwi kwa kukisia. Tena, kwa maelezo yako, mimi ninaishuku distribyuta, yaani kifaa kinachogawa umeme kwa plagi na ambamo pointi zimo, kabla ya takometa.

Sababu ni hii. Takometa ya gari lako haisomi volti kwenye koili (inayotengeneza umeme mkali wa plagi) kama nyingi za baadaye. Umeme ukitoka kwenye swichi unapitia kwanza kitanzi cha waya nyuma ya takometa, ndipo uende kwenye rizista (kipunguza mkondo) na koili. Kila pointi zinapofunguka mkondo unakatika, na takometa inahesabu kila mkato. Injini yako, L24, ina silinda sita, kwa hiyo kila mzunguko una mikato mitatu. Kwenye 3000 ni mikato 150 kwa sekunde. Pointi zikidunda, mikato ya ziada inaingia na mshale unapanda. Mkondo ukipotea kidogo, mshale unashuka na injini inasita. Wewe umeniambia vyote viwili vinatokea.

Azima taa ya taimingi, ile inayomweka kila plagi inapopata umeme. Chomoa bomba la vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kwenye distribyuta, ulizibe, kisha bana taa kwenye waya wa plagi namba 1 na umulike alama ya puli huku mwenzako ameshikilia mafuta palepale mshale unapoanza fujo. Alama ikicheza huku na huku, au mwanga ukikatikakatika, tatizo liko kwenye mfumo wa kuwashia. Alama ikitulia na mshale bado unaruka, nenda kwenye dashibodi.

Sasa fungua kofia ya distribyuta. Kuna waya mfupi laini unaounganisha sahani ya pointi na mwili wa distribyuta. Huo ndio erthi ya pointi. Vakyumu inaisogeza sahani hiyo kila unapokanyaga na kuachia mafuta, na waya unapindwa nayo kila mara. Baada ya miaka hamsini nyuzi za shaba hukatika ndani, ganda la nje likabaki zima, na kwa macho huoni kasoro yoyote. Uvute taratibu kwa koleo ndogo: ganda likirefuka, ndani hamna kitu. Kisha rudisha kofia, washa injini, na ufyonze kwa mdomo lile bomba linaloingia kwenye vakyumu ya distribyuta. Mshale ukishtuka pale sahani inaposogea, ugonjwa umeupata, na dawa yake ni kipande cha waya laini wenye nyuzi nyingi. Usiweke waya mgumu, utakatika upesi.

Waya ukiwa mzima, pima nafasi ya pointi kwa filageji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi): iwe kati ya milimita 0.45 na 0.55. Shika shafti ya distribyuta uitikise kwa upande. Ikicheza, bushi zimelika, na hutapata nafasi ya pointi inayotulia hata ukinunua pointi mpya kila mwezi. Springi ya pointi iliyolegea nayo huleta kudunda mwendo ukiongezeka. Kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia cheche kwenye pointi, ibadilishwe kwa majaribio, lakini uweke unayoijua inafanya kazi. Kuwa mpya si dhamana, zipo mpya zinazotoka dukani zimekufa.

Angalia pia waya za plagi. Za shaba tupu, zisizo na ukinzani, hutoa kelele ya umeme inayoweza kuichanganya takometa, hasa zikilala karibu na waya zinazokwenda dashibodi.

Kwenye dashibodi, anza na erthi. Vuta waya wa muda kutoka mwili wa takometa hadi hasi ya betri, uendeshe. Mshale ukitulia, umemaliza. Washa taa kubwa na waipa pia, na utazame ammita (kipimo cha mkondo wa umeme): kama mshale wake unacheza pamoja na wa takometa, kagua regyuleta ya altaneta, inayodhibiti umeme wa kuchaji.

Hayo yote yakiwa sawa ndipo takometa yenyewe ifunguliwe. Fundi redio mzuri anaweza kupitia upya lehemu zilizopasuka na kubadilisha kapasita zilizokauka. Mwonye asiguse kile kirekebishi kidogo kwenye bodi bila kuweka alama pale kilipo, maana ndicho kinachoamua usahihi wa mshale.

Na ukiitoa kwa matengenezo, waya mbili za kile kitanzi ziunganishwe na kufungwa vizuri kwa tepu. Bila hivyo koili haipati umeme, injini haiwaki, na mtu atakuja kukuuzia koili usiyoihitaji.