Mguu wa mtu wa boda ulinifunza ortho kuliko notsi zangu zote

Juzi dada mmoja wa mwaka wa tano wa udaktari kaniandikia inboksi usiku, "Daktari, ortho, hii ya mifupa, inanimaliza, nisome nini ndio nipite?" Nikacheka, halafu usingizi ukapotea, maana hilo swali hata mimi niliwahi kuliuliza na jibu nikalipata kwa aibu.

Mimi nilikuwa yule jamaa wa kukariri. Gustilo na Anderson, ule mpangilio wa mifupa iliyovunjika ikapasua ngozi, nilikuwa nao kichwani kama Baba Yetu, kidonda chini ya sentimita 1 aina ya kwanza, kikipita 10 aina ya tatu, na eksirei ikiwekwa tu kwa taa mimi ndio wa kwanza kufungua mdomo.

Sasa jioni moja analetwa mtu wa boda, amegongwa Thika Road, muundi umevunjika, ngozi haijapasuka, anawekwa plasta mguu mzima. Saa nne usiku ananiita, "Daktari, huu mguu unawaka moto." Nikagusa vidole, vina joto. Nikapapasa mshipa juu ya wayo, unadunda. Sista akaniambia huyu amedungwa mofini mara mbili na bado analia, nami nikamjibu ati watu wa boda hulia sana. Nilisema hivyo kweli. Nikaandika kwa faili "mzunguko wa damu uko sawa" nikaenda kunywa chai.

Saa nane sista hakuningoja tena, akampigia rejistra, yule daktari anayesomea ubingwa. Rejistra alifika akashika dole gumba akalivuta chini kidogo tu, jamaa akapiga nduru wodi nzima ikaamka. Plasta ikapasuliwa hapo hapo pamoja na pamba yote ya ndani, mguu umekaza kama ubao, na kabla ya saa tisa wako thieta wanampasua kupunguza presha. Mguu ulipona. Mimi sijui kama nimepona, kwa sababu asubuhi kwa raundi daktari mkubwa aliisoma ile "sawa" yangu kwa sauti mbele ya darasa, akairudia mara tatu, na kusema ukweli mara moja ingetosha.

Sasa dada, skia. Misuli ya muundi iko ndani ya mifuko ya utando usiotanuka, ikivimba presha inabana vile vishipa vidogo kitambo sana kabla ya mshipa mkubwa, kwa hivyo mapigo unaweza kuyapata vizuri kabisa na misuli inakufa hapo chini, na ikikosa damu masaa kama sita hivi kuirudisha ni shida. Kwa hivyo maumivu yakizidi jeraha, mwamini mgonjwa. Ukinyoosha kidole akaruka, mwamini mgonjwa. Hata yule aliyeangukia kiganja, eksirei yake safi lakini ukibonyeza kile kishimo cha nyuma ya kidole gumba anaumia, huenda kuna mfupa umevunjika na picha ya kwanza haijauonyesha, mfunge na umrudishe baada ya siku 10 hadi 14 apigwe nyingine. Nyinyi watoto wa siku hizi mnasoma picha na mwenye mguu yuko hapo hapo anawaita, kwani mmekuja kutibu filamu?

Kitabu soma chochote utakachopata. Na sista wa usiku mnunulie soda mapema. Wangu alihamishwa wodi kabla nipate nguvu ya kumwambia asante.